Santuri ya Kwanza ya Masekela na Nyimbo Nne Kwenye Flashi Yetu

Naandika haya nikiwa nyumbani Gwarama, likizo ndefu. Mbele yangu kuna flashi ndogo nyekundu, na ndani yake kuna nyimbo nne za bendi yetu, ile ya watu sita mliyoiona usiku wa utamaduni, mimi nikiwa yule wa tarumbeta. Wenzangu watano wanasubiri jibu langu: tuzitoe au tusizitoe? Si swali la mzaha. Pesa ya studio tuliichanga kwenye bumu, na mpiga besi wetu alimaliza muhula akila ugali maharage mchana na chai kavu jioni. Kiongozi wa bendi ni mimi, ndiyo maana flashi ninayo mimi.

Juzi nilimsikilizisha mjomba. Yeye ndiye aliyenifundisha kupuliza, enzi hizo akiwa kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisa kule Kasulu. Alisikiliza zote nne bila kusema neno, anamenya muhogo. Wa nne ulipokwisha akaniuliza, "Mjomba, wewe uko wapi humu?" (Mimi ni mpwa wake, lakini si mnajua, mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo.) Nikamwambia nipo, wimbo wa pili, karibu na mwisho. Akasema, "Pale? Pale nimesikia kinanda."

Alisikia sawasawa. Ni kinanda.

Nitarudi kwenye studio baadaye. Kabla hatujafunga chuo, mhariri alikuwa ameniomba niandike somo la muziki kwa ajili ya ukurasa wa utamaduni, kitu cha kumsaidia mtu asiyepiga ala asikilize vizuri zaidi. Nilitaka kuandika juu ya bendi zetu za dansi. Lakini flashi hii imenipeleka kwingine: kwa Hugh Masekela wa Afrika Kusini na santuri aliyoitoa mwaka 1962, ya kwanza kubeba jina lake kama kiongozi. Inaitwa Trumpet Africaine. Wengi wenu mnamjua Masekela kwa nyimbo zake za baadaye. Hii ya kwanza haipigwi redioni, na mwenyewe hakuwa na hamu nayo. Kwa mwanafunzi wa muziki, kwa maoni yangu, ndiyo yenye somo kubwa kuliko zote.

Tuanze na ala yenyewe.

Tarumbeta ni bomba la shaba lenye urefu wa karibu mita moja na nusu, limekunjwa ili liweze kubebeka. Lenyewe halina sauti. Sauti ni ya midomo yako inayotetemeka kwenye kile kikombe cha kupulizia, bomba linaikuza tu. Ukipuliza bila kubonyeza chochote unapata noti chache zinazorukana, zile za paredi. Ndiyo maana kuna vali tatu. Ya pili inashusha sauti nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Kwa kuzichanganya, noti zote zilizokuwa zinakosekana zinapatikana. Kwa hiyo vidole vitatu vinatosha kwa muziki wote wa dunia, na hapo ndipo wanafunzi wapya wanapodanganyika. Vidole ni kazi ndogo. Kazi ni midomo, pumzi na sikio, kwa sababu vali zilezile zinatoa noti tofauti kadiri unavyokaza midomo.

Faida yake ni kwamba noti ya tarumbeta haijafungwa. Kinanda kina kidude cheupe na kidude cheusi, na katikati hakuna kitu. Mpiga tarumbeta akilegeza midomo kidogo tu, noti inateleza, inakaa pale katikati, kama mtu anayetaka kulia na hataki kuonekana. Bluzi imejengwa hapo. Waimbaji weusi wa kusini mwa Marekani waliishusha noti ya tatu, ya saba, wakati mwingine ya tano, lakini si mpaka chini kabisa. Ukiipiga kwenye kinanda unapata jirani yake tu.

Umbo la bluzi ni rahisi, na wanakwaya mtalielewa mara moja kwa sababu nitatumia do-re-mi. Ni vipande 12, kila kipande hesabu nne. Vipande vinne vya kwanza mnakaa kwenye kodi ya do (kodi ya muziki, si ile ya TRA). Viwili mnapanda kwenye fa, viwili mnarudi do. Kisha kimoja cha so, kimoja cha fa, na viwili vya do kumalizia. Halafu mnaanza upya. Marabi ya Afrika Kusini, muziki uliozaliwa kwenye nyumba za pombe za Johannesburg kati ya vita kuu mbili, ina mzunguko mfupi zaidi: do, fa, do, so, kipande kimoja kimoja, tena na tena mpaka kunapambazuka. Bluzi inasimulia ikafika mwisho, marabi haifiki mwisho. Mtu aliyekulia kwenye marabi akipewa bluzi anasikia kama amepewa safari yenye kituo. Shikeni hilo, maana litatusaidia kumwelewa Masekela.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1939 huko Witbank, mji wa makaa ya mawe. Akiwa kijana wa shule ya St Peter's, Johannesburg, aliona filamu ya Kirk Douglas akiigiza kama mpiga tarumbeta, na akili ikahama. Shuleni alikuwepo padri Mwingereza, Trevor Huddleston, mpinzani mkubwa wa ubaguzi. Kijana alikuwa mtundu, anapata adhabu kila wiki. Padri akamuuliza anataka nini hasa maishani. Akajibu: ukinipatia tarumbeta sitasumbua mtu tena. Akapatiwa, akiwa na miaka 14. Na mwalimu aliyetafutwa kumfundisha misingi alitoka kwenye bendi ya matarumbeta ya manispaa, ile ya Waafrika, bendi ya sare na gwaride.

Nilipomsimulia mjomba habari hiyo alicheka sana. "Kumbe naye alianzia kwenye matarumbeta!" Ndiyo. Tunazoea kuyadharau matarumbeta ya harusi, yale ya nyuma ya pikapu yanayosindikiza gari la maharusi na kusababisha foleni. Lakini vijana wale wanapuliza saa tatu bila kukaa, kwenye vumbi, gari linatembea. Midomo inakomaa kwelikweli.

Sasa sikilizeni hili. Huddleston alirudishwa Uingereza katikati ya miaka ya 1950 kwa sababu ya msimamo wake. Alipopita Marekani alikutana na Louis Armstrong, akamweleza juu ya vijana wake wa Johannesburg, na Armstrong akatoa tarumbeta lake moja lipelekwe kwao. Ipo picha maarufu ya Masekela ameruka juu kwa furaha, ameshika lile tarumbeta. Padri yeye hakukaa Ulaya. Mwaka 1960 alikuja kwetu, akawa askofu wa Masasi mpaka mwaka 1968. Mtu aliyempatia Masekela tarumbeta la kwanza alikuwa askofu wa Masasi! Nimemuuliza mwenzetu mmoja wa hosteli anayetokea kulekule, hakuwa na habari. Na mimi nilikuwa sijui mpaka mwaka jana.

Mwaka 1959 Masekela aliingia kwenye kundi la Jazz Epistles, akiwa na Dollar Brand kwenye piano (ndiye Abdullah Ibrahim wa baadaye), Kippie Moeketsi kwenye saksafoni na Jonas Gwangwa kwenye tromboni. Walirekodi santuri moja, inayosemekana ilichapwa nakala 500 tu. Lakini ile ilikuwa bendi ya wote, si yake. Kisha tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 Sharpeville, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na muziki wa namna ile ukakosa mahali pa kupigwa. Akaondoka akiwa na miaka 21. Alipita London, akafika New York, na kwa msaada wa Miriam Makeba na Harry Belafonte akaanza masomo Manhattan School of Music.

Jiwekeni mahali pake. Mchana uko darasani unasoma muziki wa Ulaya. Usiku unaingia kwenye klabu unawasikia Dizzy Gillespie na Miles Davis kwa masikio yako, watu uliokuwa unawasikia kwenye santuri zilizochakaa. Ungetaka nini? Ungetaka kupiga kama wao. Na yeye alitaka hivyo. Alisimulia mara nyingi baadaye kwamba Miles Davis ndiye aliyemwambia aache: wapiga jazi wa aina ile tayari wapo maelfu, changanya na vitu vya kwenu utakuwa na kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Ushauri mzuri, lakini mgumu kuufuata ukiwa na miaka 23 na bado ndiyo kwanza umepata viatu vya baridi.

Basi mwaka 1962 kampuni ya Mercury ikamwingiza studio. Jina kubwa Trumpet Africaine, na chini yake maneno ya kutangaza mdundo mpya kutoka Afrika Kusini. Tarumbeta limepigwa vizuri. Kijana ana sauti tayari, ile sauti yake yenye mkwaruzo, karibu na ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Lakini vinavyomzunguka ni vya studio: mpangilio laini, umenyooshwa, kila kitu kimekaa pembeni kwa adabu kisije kikamsumbua msikilizaji. Mdundo wa nyumbani umefuliwa na kupigwa pasi. Kwenye kitabu cha maisha yake, Still Grazing cha mwaka 2004, Masekela anaizungumzia santuri hii kwa masikitiko kuliko fahari. Soko nalo halikuitetea.

Wachambuzi wengine husema tu kwamba alikuwa bado mchanga. Sikubaliani nao. Kupuliza alikuwa anajua. Alichokuwa hajafanya ni kuongoza, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kiongozi wa bendi kwenye rekodi anatambulika kwa maamuzi matatu: nyimbo zipi, watu gani chumbani, na nani anaupa mdundo mwelekeo. Kama yote matatu yameamuliwa na mtu mwingine, jina lako likiwa kubwa kiasi gani juu ya jalada, wewe ni mgeni wa heshima kwenye karamu ya mwenzio. Mwaka 1962 hakuwa na bendi yake ya kudumu. Alikuwa na tarumbeta na mkataba.

Linganisha na yule yule Armstrong. Novemba 1925, Chicago, aliingia studio ya OKeh kwa mara ya kwanza kama kiongozi, na kundi alilolipa jina la Hot Five. Alikuwa na miaka 24, karibu sawa na Masekela. Kid Ory wa tromboni, Johnny Dodds wa klarineti na Johnny St. Cyr wa banjo wote walikuwa watu wa New Orleans, watu aliokuwa amepiga nao na kula nao. Kwenye piano alikaa mke wake, Lil Hardin. Mojawapo ya nyimbo za siku ile ni bluzi ya Gut Bucket Blues, na ndani yake unamsikia Armstrong akiwaita wenzake mmoja mmoja kwa majina wanapopiga. Huwezi kumwita mtu hivyo kama umekutana naye saa mbili asubuhi.

Masekela alichukua miaka mitatu kufika hapo. Novemba 1965, klabu ya Village Gate, New York, watu wamekaa, glasi zinagongana, akarekodi The Americanization of Ooga Booga, iliyotoka mwaka 1966. Jina lenyewe ni kejeli kwa Wamarekani waliodhani lugha zetu ni kelele. Safari hii walikuwa wanne tu. Piano ilikuwa ya Larry Willis, mwanafunzi mwenzake wa Manhattan, besi ya Hal Dotson, na dramu za Henry Jenkins. Wote watatu walikuwa Wamarekani! Hapa ndipo watu wanapokosea wakisema somo ni "rudi kwenu". Hakuwa na Mwafrika Kusini hata mmoja jukwaani zaidi yake. Na nyimbo si za nyumbani tu, imo Cantaloupe Island ya Herbie Hancock, umo na wimbo wa Jorge Ben wa Brazil. Lakini nyimbo amezichagua yeye, na wenzake amewafundisha yeye mzunguko wa kwao, ule wa do, fa, do, so usiofika mwisho. Msikilize Willis kwenye nyimbo za Kiafrika. Mkono wa kushoto unarudia na kurudia, haumalizi, na tarumbeta linapata uwanja wa kukimbilia. Hapo unasikia bendi ina mwenyewe.

Kutoka hapo mpaka fanki ni hatua fupi, na ngoja nieleze kidogo fanki ni nini, maana watu huitumia kwa kila kitu chenye gitaa la kukwaruza. Kwenye jazi ya zamani mkazo mara nyingi unakaa kwenye hesabu ya pili na ya nne, pale watu wanapopiga makofi. James Brown, kuanzia mwaka 1965 hivi, aliwataka wote waangukie hesabu ya kwanza kwa pamoja, halafu kila mmoja apate kisehemu chake kidogo ndani ya zilizobaki. Kodi zikapungua, wimbo mzima unaweza kukaa kwenye kodi moja. Matarumbeta yakaacha kuimba, yakawa kama ngoma: mkato mfupi, kimya, mkato. Ukiangalia vizuri, kimya ndicho kigumu. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za Kibondo na Kasulu hapati tabu kuelewa, kwa sababu ngoma zetu zimepangwa hivyo hivyo, mmoja anashikilia na wengine wanajaza pale alipoacha pengo.

Masekela aliishika fanki kwa namna yake kwenye Grazing in the Grass, wimbo uliokaa nambari moja Marekani Julai 1968. Hauna maneno hata moja. Ni ala tupu, na juu yake kengele ya ng'ombe inagonga toka mwanzo hadi mwisho. Inasimuliwa kwamba santuri ilikuwa imepungukiwa dakika chache, wakaurekodi haraka kujazia nafasi. Nilipompigia bibi wimbo huu hapa Gwarama, yeye aliyechunga ng'ombe wa pembe ndefu utotoni, aliuliza huyo ng'ombe mbona hatembei, kengele inalia mahali pamoja. Sijapata kusikia uchambuzi mzuri kuliko huo. Ndiyo fanki yenyewe, bibi. Ng'ombe hatembei.

Sasa nirudi kwenye flashi, kama nilivyoahidi.

Studio yenyewe sitaitaja, na sitaki mtu ailaumu. Prodyuza alitupokea vizuri. Tulikuwa na saa nne tulizolipia. Tulipofika alisema chumba hakiwezi kuchukua dramu, basi mdundo atautengeneza kwenye kompyuta. Tukakubali. Akasema gitaa mbili zitagombana, tuache moja. Tukakubali. Mpiga gitaa wa pili akakaa kwenye kochi saa nne nzima anachezea simu. Ilipofika zamu yangu nikapuliza mara tatu. Mara ya tatu noti ya juu ilipasuka kidogo, ule mpasuko ambao mjomba huuita "kuonyesha ulimi". Prodyuza akasema, kwa upole kabisa, kwamba tarumbeta lina kelele, sauti ileile anayo kwenye kinanda, safi zaidi, na inakaa kwenye ki muda wote. Akabonyeza, ikatoka. Safi kweli.

Watu watano wakanigeukia. Nikasema, "Haina shida."

Hilo ndilo ninalolirudia kila usiku hapa nyumbani. Si kwamba alikosea. Kazi yake ni nyimbo zipigwe redioni na kwenye daladala, na yeye anajua kinachopigwa. Nyimbo zimetoka nzuri kwa aina yake, dada yangu mdogo anazicheza. Lakini maamuzi matatu niliyoyataja hapo juu, nyimbo, watu, mdundo, nilibakiza moja tu, la nyimbo, na hata hilo tulipunguza beti. Mpiga dramu wetu hayumo. Mpiga gitaa wa pili hayumo. Mimi simo. Sita tuliingia, tukatoka watatu na kompyuta, na aliyeruhusu ni kiongozi wa bendi.

Wapo wenzangu wanaosema tuzitoe hivyo hivyo, jina litambulike kwanza, ya kwetu tutaifanya baadaye. Hoja hiyo ina nguvu na sitaki kuipuuza. Masekela mwenyewe alitoa ya kwanza mbaya na hakufa nayo. Bila Trumpet Africaine huenda asingeijua tofauti. Tena pesa imeshatumika, na wawili kati yetu wanamaliza mwaka huu. Lakini yeye alikuwa na kampuni nyuma yake na alijua ataitwa tena studio. Sisi tukitoa hizi, watu wakituita jukwaani watatutaka tufanane nazo. Tutafanya nini, tupande na flashi? Mpiga dramu apande afanye nini?

Tena kuna jambo la hapa kwetu. Katika bendi zetu za dansi tarumbeta limekuwa mtu wa nyuma. Msondo wanapuliza, Sikinde wanapuliza, na hakuna anayecheza bila kusubiri zile sauti za shaba zijibu, lakini majina tunayoyataja ni ya waimbaji na wapiga gitaa. Hata Kigoma yetu ukiuliza wanamuziki wa zamani utatajiwa Shem Ibrahim Karenga wa Tabora Jazz, muimbaji na mpiga gitaa, na anastahili. Nani aliyekuwa anapuliza nyuma? Mjomba amepuliza kwenye harusi na mazishi miaka mingi, na hakuna sekunde moja ya sauti yake iliyohifadhiwa popote. Jana nilimrekodi kwa simu, chini ya mgomba, anapiga pambio la zamani. Meno mawili ya mbele yamelegea, na mpiga tarumbeta bila meno ya mbele ni kama dereva bila usukani. Alipasua noti tatu. Ile rekodi naipenda kuliko nyimbo zote nne.

Kwa wasomaji ambao hawana bendi wala flashi, zoezi lenu ni hili, na halihitaji zaidi ya simu na bando kidogo. Sikilizeni Gut Bucket Blues ya Armstrong mkihesabu vipande 12 kwa vidole, mpaka mjue ni lini inarudi nyumbani bila kuhesabu. Kisha wimbo wowote kutoka Trumpet Africaine, halafu papo hapo Bajabula Bonke kutoka The Americanization of Ooga Booga. Msisikilize tarumbeta mara ya kwanza. Sikilizeni besi na dramu peke yake, mjiulize: hawa wanamjua huyu anayepuliza? Mwisho Grazing in the Grass, mkono mmoja ufuate kengele na mguu ushike hesabu ya kwanza. Mkiona mguu na mkono vinagombana, ndipo mmeanza kuipata.

Na kwa wenzangu watano, ambao najua mtausoma ukurasa huu kabla sijawapigia simu kwa sababu mhariri hana siri: jibu langu ni tusizitoe. Pesa ya mpiga besi nitaanza kuirudisha mimi, nusu bumu likitoka, nusu mwezi wa pili wake. Mwalimu wa kwaya ameniambia ukumbi wa nyuma ya maktaba haufungwi Jumamosi, na una mwangwi mzuri kama hakuna mvua. Tutaweka simu mbili, moja karibu na dramu, moja katikati, tupige wote sita kwa pamoja mpaka ikae. Gitaa zigombane tuzisikie. Noti ikipasuka ibaki.

Basi la Kakonko naondoka nalo Alhamisi alfajiri. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa ukumbini. Mpiga dramu njoo na zile fimbo za zamani, mpya zinapiga kelele sana.